Mishipa Midogo na Mafigo: Ugonjwa na Maneno Yake

Neno mshipa katika Kiswahili limebeba maana nyingi. Ni njia ya damu, ni neva, na pia ni jina la ugonjwa wa ngiri au busha. Kwa hiyo mtu aambiwapo kwamba ana ugonjwa wa mishipa, aweza kuelewa jambo jingine kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza ugonjwa mmoja ambao kutoeleweka kwake kwaweza kumpotezea mgonjwa mafigo yake, nao ni vaskulitisi ya mishipa midogo ya damu, itokanayo na kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe.

Kila figo lina vichujio vipatavyo milioni moja, viitwavyo glomeruli. Kila kimoja ni kifundo cha kapilari nyembamba mno, ambazo hupitisha maji na taka lakini huzuia chembe za damu na protini. Kwa kawaida mwili hutengeneza kingamwili ili kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu, aghalabu hutokea kingamwili ziitwazo ANCA, ambazo hulenga protini zilizomo ndani ya neutrofili, yaani aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Neutrofili zikisha kuchochewa hujishikiza kwenye kuta za kapilari na kumwaga hapo kemikali za kuangamiza. Ukuta hupasuka, damu na protini huvujia katika mkojo, na seli hurundikana kandokando ya kapilari kwa umbo la mwezi mwandamo, zikakibana kichujio. Mwisho wake ni kovu, na kichujio kilichokwisha kuwa kovu hakirudii kazi yake.

Hatari kubwa ni kwamba figo lenyewe kwa kawaida haliumi. Mgonjwa hulalamikia uchovu, homa, kukonda, maumivu ya viungo, au kutokwa na damu puani. Mkojo huweza kuonekana safi kwa macho, ilhali darubini yaonyesha damu. Na kazi ya figo huweza kuporomoka kwa majuma machache tu. Hapana budi basi mkojo na damu vipimwe mapema, na mara nyingi kipande kidogo cha figo huchunguzwa pia.

Zamani wengi wa wagonjwa wa namna kali walikufa katika mwaka wa kwanza. Hali ilibadilika katika miaka ya 1970 siklofosfamaidi ilipotumiwa pamoja na steroidi. Na mwaka 2010 majaribio yalionyesha kwamba rituksimabu nayo yafaa.

Majina nayo yana historia yake. Aina mojawapo, iliyoelezwa na Mjerumani Friedrich Wegener mwaka 1936 na 1939, iliitwa kwa jina lake hadi mwaka 2011. Mwaka huo, baada ya uhusiano wake na chama cha Nazi kudhihirika, vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya vilipendekeza jina lenye kueleza ugonjwa: granulomatosisi yenye poliangiitisi.

Funzo hilo latuhusu. Istilahi vaskulitisi na ibaki kwa wataalamu, lakini mgonjwa aambiwe kwamba ana ugonjwa wa kuta za mishipa midogo ya damu. Maneno mawili tu, "ya damu", huondoa utata wote. Na yakiachwa, mgonjwa aweza kwenda kutafuta dawa ya ngiri huku vichujio vyake vikiteketea.