Mgodi uliokufa Mpanda wafaa kuvuna jua

BAADA ya Vita Baridi kwisha, Ujerumani ilibaki na viwanja vya ndege za kivita visivyo na kazi. Baadhi viligeuzwa mashamba ya umeme wa jua. Kile cha Neuhardenberg, mashariki mwa nchi hiyo, kilikamilika mwaka 2012 kikiwa na uwezo wa megawati 145.

Si kwamba jua la huko ni kali. La Katavi linalizidi mbali. Kilichowavuta wawekezaji ni ardhi tambarare, isiyo na miti wala mkulima wa kulipwa fidia.

Mpanda ina masalia ya aina yake. Huko Mukwamba, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi hadi mwaka 1960. Hata reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya madini hayo. Mgodi ulikufa, reli ikabaki.

Udongo wenye mabaki ya risasi haufai kwa mahindi wala mboga. Paneli za sola haziujali. Mradi wa Garissa nchini Kenya, uliozinduliwa mwaka 2019, unazalisha takriban megawati 50 kwenye hekta 85; kwa kipimo hicho, megawati 5 zinahitaji hekta zisizofika 9.

Wa kwanza kufaidika wangekuwa wakoboaji wa mpunga. Mavuno huanza Mei, kiangazi kikiingia, na mashine hukoboa mchana, yaani jua linapowaka. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta hutoa uniti 3 hadi 4 tu. Ikiuzwa Sh3,000, mafuta pekee ni Sh750 hadi Sh1,000 kwa uniti, na anayelipa mwishoni ni mkulima.

Usiku na masika ni suala jingine. Hapo ndipo laini ya kilovoti 132 kutoka Tabora, iliyojengwa kuiunganisha Katavi na gridi ya taifa, inapohitajika: kuleta umeme jua likizama, na kupokea ziada vinu vikisimama.

Hata hivyo, mgodi uliofungwa zaidi ya miaka 60 iliyopita si lazima uwe mtupu. Wachimbaji wadogo na wafugaji huyazoea maeneo kama hayo. Halmashauri ikiliita "eneo wazi" bila kuwauliza, fidia iliyokwepwa itadaiwa mahakamani. Udongo nao upimwe kabla ya shimo la nguzo ya kwanza kuchimbwa, maana vumbi lenye risasi likitimuliwa huangukia visima na watoto wa jirani.