Albamu mbili kwa ajili ya vikao vya jioni kambini

Viongozi wa kambi hutuuliza muziki gani upigwe pale ambapo jamii mbalimbali zimekaa pamoja. Swali hilo si dogo. Nyimbo nyingi za kwetu zina mabanga, yaani majina ya matajiri na wakubwa yanayotajwa kwa sifa, mara nyingi kwa malipo. Jina linaloshangiliwa na huyu linaweza kumliza jirani yake aliyepoteza watu.

Kwanza tunapendekeza Très Très Fort ya Staff Benda Bilili, iliyotoka mwaka 2009. Wengi wa wanamuziki hao wa Kinshasa walipooza miguu kwa polio, na walirekodi katika bustani ya wanyama ya mji huo. Roger Landu, aliyekuwa bado kijana, anapiga satonge, chombo alichojitengenezea kwa kopo la bati na waya mmoja. Vijana wakimsikia hutafuta makopo mara moja (wazee, vumilieni kelele!). Wimbo wa Polio unahimiza wazazi kuwapeleka watoto kwenye chanjo. Ni Kilingala, basi awepo wa kutafsiri.

Ya pili ni albamu ya kwanza ya Lokua Kanza, ya mwaka 1993. Ni muziki wa polepole, wa gita na sauti, unaofaa usiku. Yeye ni mzaliwa wa Bukavu. Baba yake Mmongo, mama yake wa Rwanda. Sisi hatuanzi na habari hiyo. Watu wasikilize kwanza. Swali la alikotoka huja lenyewe, na huulizwa kwa upole zaidi.