Sita kwa Nne: Namba Zinazopima Wahusika wa Gemu za Mapigano

Katika gemu za mapigano, yaani michezo ya video ambamo wachezaji wawili huchagua kila mmoja mhusika wake na kupigana hadi uhai wa mmoja wao, unaoonyeshwa kwa mstari juu ya skrini, umalizike, wahusika hutengenezwa kwa makusudi wasifanane. Mmoja ana mikono mirefu, mwingine ana kasi, mwingine hurusha makombora kutoka mbali, na mwingine hana silaha yoyote ya mbali lakini akifika karibu humkamata mpinzani na kumbwaga kwa pigo moja zito. Kutokana na tofauti hizo huzaliwa swali linalowashughulisha wachezaji wa mashindano kuliko jingine lolote: mhusika huyu akikutana na yule, ni nani aliye na nafasi kubwa zaidi kabla hata pigo la kwanza halijarushwa? Jibu la swali hilo huandikwa kwa namba mbili ambazo jumla yake ni kumi, kama vile 5–5, 6–4 au 7–3, na hapa zitaitwa makadirio ya mpambano.

Kadirio la 6–4 husema kwamba wachezaji wawili wenye uwezo sawa, ambao wote wawili wanazijua vilivyo mbinu za mhusika wao na za mhusika wa mpinzani, wakipigana mara kumi, yule mwenye mhusika anayependelewa atarajiwe kushinda mara sita. Masharti hayo ndiyo roho ya namba yenyewe, nayo husahaulika upesi. Wachezaji waliolingana kabisa na wanaojua kila kitu hawapatikani popote, kwa hiyo kadirio si utabiri wa pambano la watu fulani, bali ni dai kuhusu wahusika wenyewe baada ya tofauti za mikono na akili za wanaowachezesha kuwekwa kando.

Mfano unaofahamika zaidi unatoka katika Street Fighter II, gemu iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991, ikiwa na wahusika 8 wa kuchagua. Miongoni mwao wamo Guile, mwanajeshi wa Marekani, na Zangief, mwanamieleka wa Kisovieti mwenye mwili mkubwa na mwendo wa pole. Guile hurusha kombora liitwalo Sonic Boom, na adui akiruka juu ili alikwepe, humpokea kwa teke la kupinduka linalomwangusha kutoka hewani. Mbinu hizo mbili hudai kwamba mchezaji kwanza ashikilie usukani upande wa nyuma au wa chini kwa takriban sekunde moja, sharti ambalo lingeweza kuwa udhaifu, lakini kwa kuwa kushikilia nyuma na chini ndiko pia kujikinga, Guile hujiandaa kushambulia huku amejilinda. Zangief hana kombora. Pigo lake la kutisha, ambalo hutokea pale mchezaji anapouzungusha usukani duara zima na kubonyeza kitufe cha ngumi, hufanya kazi akiwa amemkaribia mpinzani tu. Kwa hiyo mpambano mzima hugeuka kuwa swali la hatua chache za ardhi: Zangief akizivuka, kosa moja la Guile linaweza kumgharimu sehemu kubwa ya uhai wake, na asipozivuka atakwanguliwa polepole hadi aishe. Wachezaji wengi wameuhesabu mpambano huu kuwa mlima kwa Zangief, na sababu yake ni hiyo iliyoelezwa. Namba ni ufupisho wake tu.

Uzito wa namba hizo huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Anayeshinda mara 6 katika kila 10 huonekana kuwa na faida ndogo, lakini hatua za mwisho za mashindano mengi huendeshwa kwa utaratibu wa kuwahi kushinda mara tatu, na chini ya utaratibu huo nafasi yake hupanda hadi takriban asilimia 68. Wakiendelea hadi mmoja ashinde mara kumi, nafasi hiyo hukaribia asilimia 81. Kwa kadirio la 7–3, kuwahi mara tatu pekee kunatosha kufikisha takriban asilimia 84. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huvumilia 6–4 bila manung’uniko mengi, ilhali 7–3 huwafanya wafikirie kubadilisha mhusika, jambo ambalo kanuni za mashindano mengi humruhusu aliyeshindwa kulifanya kabla ya pambano linalofuata.

Makadirio yote yakikusanywa hupatikana jedwali lenye majina ya wahusika kwenye safu na kwenye mistari, ambalo wachezaji wa Japani huliita daiyaguramu. Wahusika 8 huzaa mipambano 28 ya wahusika tofauti, na wahusika 18, ambao ndio waliokuwamo katika Street Fighter 6 ilipotolewa mwaka 2023, huzaa mipambano 153. Wengi hujumlisha namba za kila mhusika ili wapate orodha ya madaraja, yaani nani yuko juu na nani ni kibonde, na hapo ndipo taarifa nyingi hupotea. Mhusika mwenye 5–5 kwa kila mpinzani na mwingine mwenye 7–3 kwa nusu yao na 3–7 kwa nusu iliyobaki wana jumla ileile, lakini maisha yao katika mashindano hayafanani hata kidogo: wa kwanza hana mteremko wala mlima, na wa pili hutegemea atapangiwa nani. Msomaji makini wa jedwali huanza na mlima mkubwa kuliko yote katika mstari wa mhusika wake, kisha huuliza kama mhusika anayeusababisha anapendwa na wachezaji wengi.

Kumbukumbu za watazamaji hushika matukio, wakati jedwali hushika mazoea, na viwili hivyo havigombani. Katika mashindano ya Evo ya mwaka 2004 huko California, Mjapani Daigo Umehara, akimchezesha Ken katika Street Fighter III: 3rd Strike, alikuwa amebakiwa na uhai mdogo kiasi kwamba hata kujikinga kwa kawaida kungemuua. Mmarekani Justin Wong, aliyekuwa na Chun-Li, alifyatua shambulio la mapigo 15 mfululizo. Umehara aliyapangua yote, pigo kwa pigo, kisha akamaliza pambano kwa ushindi. Video ya tukio hilo ni miongoni mwa zilizotazamwa zaidi katika historia ya gemu hizi, lakini Chun-Li hakushushwa cheo kwa sababu yake, kwani maajabu ya mtu mmoja katika sekunde chache hayabadilishi kile kinachotarajiwa katika mara kumi.

Kinachobadilisha makadirio ni maarifa, nayo huja taratibu. Super Smash Bros. Melee ilitolewa na Nintendo mwaka 2001, kabla ya desturi ya kurekebisha gemu kupitia intaneti, na kwa miaka mingi mhusika wake Yoshi hakudhaniwa kuwa na uwezo wa kutwaa ubingwa mkubwa. Mwaka 2022 mchezaji wa Kijapani ajulikanaye kama aMSa alishinda mashindano ya The Big House akiwa na Yoshi huyohuyo, baada ya miaka ya kuchimba mbinu ambazo wengine walizipuuza.

Siku hizi ambapo mapambano mengi huchezwa mtandaoni na kurekodiwa, ingeonekana kwamba mjadala umekwisha na kilichobaki ni kuhesabu. Lakini mifumo ya mtandaoni humkutanisha mchezaji na wenye daraja linalolingana na lake, na anayemtumia mhusika dhaifu hufika daraja fulani kwa sababu yeye mwenyewe ni hodari kuliko wenzake wa hapo. Hivyo uhodari wake hufunika udhaifu wa mhusika, na takwimu huonyesha pengo dogo kuliko lililopo. Tena, mhusika mwenye hila nyepesi huwatesa wanaoanza, ambao ni wengi, hata kama mabingwa humwona mteremko.

Kwa hiyo majedwali yanayoheshimiwa bado hutegemea wataalamu wa kila mhusika, na penye wataalamu pana upendeleo. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini wachezaji hawa huvutia kinyume: kila mmoja hupenda kuonekana ameshinda licha ya mhusika wake, kwa hiyo humpunja mhusika huyo anapomkadiria. Mtaalamu wa upande mmoja akijaza 4 na wa upande wa pili akajaza 5 kwa mpambano uleule, jumla hukosa moja ya kutimiza kumi, na wahariri wa jedwali hulazimika kuwaketisha wote wawili, waonyeshane kwa vitendo ni shambulio gani lisilo na jibu.