Utengenezaji wa manifodi ya hewa ya alumini

Manifodi ya hewa (mafundi wengi huiita manifodi ya inteki) ni sehemu ya injini inayopokea hewa iliyokwisha kupita kwenye chujio na kuigawa kwa silinda zote. Isichanganywe na manifodi ya ekzosi, ambayo hukusanya moshi upande wa pili wa injini na kwa kawaida husubiwa kwa chuma kwa sababu ya joto kali. Makala hii inaeleza namna manifodi ya hewa inavyotengenezwa kwa alumini katika karakana ya kawaida, pale ambapo ya kiwandani imeharibika au haipatikani. Mazingira yanayotumika kama mfano ni ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania.

Kwa nini itengenezwe

Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vya magari vimeacha alumini na kutumia plastiki ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Plastiki hiyo ni nyepesi na laini kwa ndani, lakini ikizeeka kwa joto hupasuka, na ufa wake hauchomelewi ukadumu. Mwenye gari Dar es Salaam ataitafuta nyingine katika maduka ya vipuri vilivyotumika. Mwenye gari Mpanda yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, na kipuri chake kitakuja kwa basi au kwa reli ya Kaliua–Mpanda, ile iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Gari likiwa ndilo linalobeba mpunga au wagonjwa, kusubiri kuna gharama.

Sababu nyingine ni kubadilisha injini. Injini ya gari moja ikifungwa kwenye gari jingine, manifodi yake huweza kugonga boneti au kuelekeza mlango wa hewa mahali pasipo na nafasi. Wapo pia wanaotengeneza manifodi ili gari liongeze nguvu, na hao ndio wanaosikika zaidi. Kwa barabara za Katavi, hata hivyo, faida hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mpanda iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 89 badala ya 101 za pwani. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu kwa karibu asilimia 12, na hakuna umbo la manifodi linaloweza kuirudisha yote.

Umbo na vipimo

Manifodi ina sehemu tatu: chemba ya kukusanyia hewa, mabomba yanayokwenda kwa kila silinda, na flenji inayofungwa kwenye silinda hedi. Urefu wa mabomba una maana kubwa. Vali ya hewa inapofunguka na kufunga, wimbi la kanieneo husafiri ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Katika bomba la sentimita 35 wimbi huenda na kurudi kwa milisekunde mbili hivi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krankishafti hugeuka nyuzi 18 kwa milisekunde, yaani wimbi hurudi baada ya nyuzi 36. Mzunguko ukiwa 6,000, wimbi lilelile huchelewa hadi nyuzi 72. Wimbi likifika wakati vali bado iko wazi, husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Likifika wakati mwingine halisaidii. Ndiyo sababu mabomba marefu hufaa mwendo wa polepole wenye kuvuta mzigo, na mafupi hufaa magari ya mashindano. Kwa gari la kazi, busara ni kunakili urefu na kipenyo cha manifodi ya kiwandani badala ya kubuni vipya.

Kabla ya kukata bamba lolote, fundi anatakiwa kuorodhesha kila tundu la manifodi ya zamani. Moja hupeleka mvuto wa hewa kwenye busta ya breki. Jingine hurudisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini, jingine hushika sensa ya kanieneo, na baadhi ya injini hupitisha maji ya rejeta ndani ya manifodi hiyohiyo. Tundu la busta likisahauliwa gari litawaka na kwenda vizuri tu, ila dereva atakuta pedali ya breki ni ngumu kama jiwe pale anapohitaji kusimama.

Kuchomelea mabamba

Njia inayofaa kutengeneza manifodi moja ni kuunganisha mabamba na mabomba kwa kuchomelea. Flenji hukatwa kwenye bamba nene, milimita 10 hadi 12, kwa kutumia gasketi ya injini husika kama kielelezo. Chemba na mabomba huweza kuwa na unene wa milimita 3.

Alumini ina tabia mbili zinazowashinda waliozoea chuma. Kwanza, yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeuondoa utando huo ataona metali ikiyeyuka chini ya ngozi isiyoyeyuka, kisha ikadondoka ghafla. Pili, haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo jicho halipati onyo. Mafundi wa gesi hupaka masizi ya asetilini juu ya kazi, halafu huipasha mpaka masizi yaungue na kutoweka. Hapo metali imepata joto la kutosha kuanza kuchomelewa.

Mashine inayofaa zaidi ni ya TIG yenye mkondo geu na gesi ya argoni. Nusu moja ya mkondo huvunja utando wa oksidi, nusu nyingine huyeyusha metali. Fimbo ya kujazia yenye silikoni kama asilimia 5 hutiririka vizuri na haipasuki ovyo inapopoa. Mashine hiyo inataka umeme ulio imara, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa gumu Mpanda, mji uliotegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Bila TIG, kuchomelea kwa oksijeni na asetilini pamoja na fluksi ya alumini kunawezekana, lakini fluksi ikibaki hula metali, hivyo lazima ioshwe kwa maji ya moto na brashi.

Hatari moja haijulikani vya kutosha. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Mabaki yake yakikutana na mwanga na joto la kuchomelea huweza kutoa fosjeni, gesi ya sumu inayoharibu mapafu, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Sehemu za kuchomelewa zisafishwe kwa asetoni, ziachwe zikauke kabisa, kisha zisuguliwe kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijagusa chuma cha kawaida.

Flenji hupinda inapochomelewa, kwa kuwa alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ifungwe kwa bolti kwenye bamba zito la chuma, au kwenye silinda hedi kuukuu, na iachwe hapo hadi ipoe. Baadaye itapigwa skimu.

Kusubu

Njia ya pili ni kumimina alumini iliyoyeyuka katika kalibu ya mchanga. Ufundi huu umeenea Afrika Mashariki: sufuria nyingi za sokoni hutokana na alumini chakavu, na eneo la Kariobangi jijini Nairobi linajulikana kwa kazi hiyo. Ugumu wa manifodi ni uwazi wake wa ndani, unaodai kiini cha mchanga kwa kila bomba. Chakavu cha pistoni na magamba ya giaboksi kinafaa kuliko nyaya au mabamba, kwa sababu kina silikoni inayosaidia metali kutiririka. Unyevu ni adui mara mbili: hidrojeni yake huacha vitundu ndani ya metali, na tone la maji chini ya alumini iliyoyeyuka hulipuka kuwa mvuke na kurusha metali usoni mwa fundi.

Kupima kabla ya kufunga

Uso wa flenji hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila. Nafasi isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Kisha matundu yote huzibwa, manifodi hutiwa hewa kidogo, kama nusu ya kanieneo ya kawaida ya anga, na kupakwa maji ya sabuni. Hewa nyingi kama ya tairi isitumike, kwa kuwa chemba yenye kuta bapa huweza kupasuka.

Uvujaji mdogo hapa si jambo la kupuuzwa. Hewa inayoingia baada ya chujio huingia na vumbi lake, na vumbi la barabara za udongo wakati wa kiangazi lina chembe za kwatsi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Injini ya petroli inayopima hewa yake mwanzoni mwa bomba hupata pia mchanganyiko wenye mafuta pungufu, ikatetemeka ikiwa silensa na kuunguza vali ikibeba mzigo.

Mwisho, ndani ya manifodi huoshwa na kupulizwa mpaka kusiwe na chembe ya fimbo wala unga wa tupa. Chembe moja ikimezwa na silinda hukwaruza ukuta wake au kukwama chini ya vali. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa hukaguliwa tena. Breki hujaribiwa gari likiwa limesimama: pedali hukanyagwa mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, hushikiliwa, kisha injini huwashwa. Pedali ikishuka kidogo, busta inapata mvuto wake.