Nani Atakaa Wapi?

Paukwa!

Pakawa. Sogeeni karibu na Mjomba, wanangu. Leo nawapa hadithi ya gari zee na familia iliyolipenda.

Palikuwa na familia moja Tanga. Familia hiyo ilikuwa na Volkswagen ndogo ya mwaka 1972, rangi ya samawati. Mgongo wake ni wa duara, basi watoto wakamwita Kobe. Siku za kazi Kobe alilala uani, chini ya mwembe. Baba alikwenda kazini kwa baiskeli. Mama alipanda daladala. Jumamosi ikifika, turubai linavuliwa, petroli inatiwa, safari inaanza. Wiki hii Pangani, wiki ijayo Mapango ya Amboni, wiki nyingine Muheza kununua machungwa.

Mwanzoni walikuwa wawili tu, baba na mama. Wawili ndani ya Kobe, raha tupu! Akaja mtoto wa kwanza. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Kisha bibi naye akahamia kwao, maana magoti yalikuwa yanamsumbua na hakufaa kuishi peke yake.

Haya, hesabuni. Baba, mama, bibi, watoto watatu. Wangapi? Sita. Na Kobe je? Kobe ana nafasi ya watu wanne.

Usiku mmoja, baba na mama wamekaa barazani, mama akasema, "Mume wangu, tumuuze Kobe. Tutafute Noah, lile gari kubwa la familia." Baba akakaa kimya. Mtoto wa kati alikuwa hajalala. Akachungulia dirishani, akauliza, "Mama, Kobe amekosa nini?"

Swali zuri hilo! Mtoto akiuliza hivyo, wakubwa wanalazimika kufikiri upya. Maana Kobe hakukosa kitu. Hajawahi kuwaacha njiani wakalala porini. Sasa kwa nini auzwe?

Kobe mwenyewe alikuwa anasikia.

"Mjomba, gari linasikiaje?"

Hili linasikia, mwanangu, na kusema linasema. Kaa utulie.

Kobe akasema, "Mniuze mimi? Mnaujua ukoo wangu? Ndugu zangu walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, wakashinda tena 1957, wakashinda tena 1962. Waliondoka na vumbi la Kenya, la Uganda na la Tanganyika! Mwaka 1972, mwaka niliozaliwa mimi, ukoo wetu ulivunja rekodi ya Ford Model T kwa wingi wa magari yaliyotengenezwa. Wa mwisho wetu alitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Tulikuwa tumepita milioni 21. Na mimi rejeta yangu haijachemka hata siku moja!"

Kufikia hapo watoto wote wameamka, wakacheka. "Kobe, wewe huna rejeta!"

"Ndiyo sababu haijachemka," akasema Kobe.

Na ni kweli. Injini ya Kobe iko nyuma, na haipozwi kwa maji. Feni inavuta hewa na kuipuliza kwenye injini. Hakuna maji ya kuvuja, hakuna mpira wa maji wa kupasuka. Mbele, mahali ambapo magari mengine yana injini, Kobe ana tairi la spea na tangi la petroli. Mnataka la ajabu zaidi? Maji ya kuoshea kioo chake yanasukumwa na upepo unaotoka kwenye lile tairi la spea. Hakuna mota. Aliyebuni hilo alikuwa na akili, nami humheshimu kila nikilikumbuka.

Baba akaenda uani. Akaweka mkono juu ya boneti. "Kobe," akasema, "yote uliyosema ni kweli. Lakini nijibu moja. Nani atakaa wapi?"

Kobe akaanza kuwapanga. Baba kwenye usukani. Mama pembeni yake, amempakata mtoto mdogo. Bibi siti ya nyuma. Lakini Kobe ana milango miwili tu. Siti ya mbele inakunjwa, bibi anainama, anapenya kwa ubavu, magoti yanalia. Na betri ya Kobe iko chini ya siti hiyo hiyo, upande wa kulia. Mfuniko wake usipokuwepo, vyuma vya siti vikabonyea mpaka kwenye betri, cheche zinaweza kuruka. Basi bibi anakaa kushoto, mtoto mkubwa anakaa kulia.

"Na mtoto wa kati?" akauliza baba. "Nani atakaa wapi?"

Kobe akasita. "Kwenye shimo," akasema polepole.

Aa, lile shimo! Nyuma ya siti ya nyuma, Kobe ana nafasi ndogo ya kuweka mizigo. Watoto waliipigania kila Jumamosi. Ni pa joto, maana injini iko karibu. Injini inanguruma, usingizi unakuja wenyewe. Mtoto gani hapapendi? Nami nawaambia kwa mapenzi yote, wanangu: pale si mahali pa mtu. Pale hakuna siti. Pale hakuna mkanda.

"Lakini Mjomba, mtoto mdogo si amepakatwa na mama? Mama si atamshika kwa nguvu?"

Hongera kwa kuuliza. Wakubwa wengi hawaulizi hilo, wanadhani wanajua. Sasa nisikilize. Umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani, mara mbuzi akakukatiza njia? Wewe umesimama ghafla. Ndoo umeishika, imesimama nawe. Maji je? Maji hayakusimama. Yameendelea na safari, yakamwagika mbele, ukalowa uso mzima. Gari ni ile ndoo. Sisi tuliomo ndani ni yale maji. Gari likisimama ghafla, sisi bado tunakwenda.

Tunakwenda kwa kasi gani? Kasi ile ile ya gari. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mahali penye makazi ya watu, kila sekunde linapita mita 14 hivi. Likigonga kitu, kasi hiyo yote inakwisha kufumba na kufumbua. Hapo mtoto anavutwa mbele kwa nguvu inayoshinda mikono ya mama yeyote duniani. Mama ana upendo wote, wanangu. Mikono haiwezi.

Mkanda ndio unaoweza. Ule unaopita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi mmoja wa Sweden, Nils Bohlin, akifanya kazi kampuni ya Volvo. Kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila kulipa. Hebu fikirini! Wangeweza kuuficha. Waliutoa.

Mtoto mkubwa akauliza, "Baba, si tumfungie Kobe mikanda nyuma?"

Huyu naye ana akili! Jibu ni ndiyo, inawezekana. Fundi hodari anaweza kufunga mikanda kwenye siti ya nyuma, mradi apate mahali imara pa kuikaza kwenye chuma cha bodi. Kama wangekuwa wanne, mimi Mjomba ningesema Kobe abaki, afungiwe mikanda, maisha yaendelee. Lakini mkanda hauzai siti. Yule wa sita bado yuko shimoni. Tena magari ya siku hizi yametengenezwa ili pua zake zikunjike wakati wa ajali, ile nguvu iishie kwenye chuma kabla haijawafikia watu. Mbele ya Kobe kuna petroli.

Baba akajaribu njia nyingine. "Mke wangu, tubaki na Kobe. Idi ikifika, tukodi Noah." Si wazo baya. Kuna familia nyingi ambazo lingezifaa kabisa, likaziokolea fedha. Mama akafikiri, kisha akasema, "Kama sote sita tungetoka Idi kwa Idi, ningekubali. Sisi tunatoka karibu kila Jumamosi."

"Basi tuwe na yote mawili!"

Mama akafungua daftari. Magari mawili ni bima mbili. Ni matairi manane, ukiacha ya spea. Na gari lisilotembea haliponi kwa kulala. Mipira inakauka, petroli inachacha tangini, na upepo wa bahari ya Tanga una chumvi inayokula chuma polepole, usiku na mchana. Kumfungia Kobe chini ya mwembe kungekuwa kumwua huku wakisema wanampenda. Baba akafunga daftari mwenyewe.

Wakaenda yadi ya magari. Huko wakamkuta Noah mweupe, mrefu, amejaa majivuno. "Karibuni! Mimi nina siti nane! Milango yangu ya nyuma haifunguki kwa nje, inateleza pembeni!"

"Mjomba, kwa nini magari ya hapa mengi yametoka Japani?"

Wao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Na sheria yao inataka gari likaguliwe kila baada ya muda, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Mwenye gari akiona limezeeka kidogo, anaona nafuu aliuze. Linapanda meli, linashuka bandari ya Dar es Salaam, na wewe unaliita jipya.

Watoto walipewa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Mkubwa alivuta kila mkanda, akaufunga, akaufungua. Akagundua mmoja wa katikati unafunga kiunoni tu, haupiti begani. Muuzaji mwenyewe hakuwa amelitazama hilo! Wa kati alisoma matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linaweza kung'aa kama limepakwa mafuta na bado likawa zee.

Na bibi? Bibi ndiye aliyekuwa mkaguzi mkuu. Mlango ukateleza, bibi akapanda. Akashuka. Akapanda tena. Magoti hayakulia.

Hapo mama akauliza, "Nani atakaa wapi?" Wakakaa wote sita. Nafasi ikabaki. Noah akatabasamu. Kisha mama akauliza swali ambalo Noah hakulitegemea. "Na mizigo itakaa wapi?"

Noah akameza mate. Siti zake za nyuma kabisa zikifunguliwa, buti linabaki jembamba. Tenga la machungwa haliingii. Yule anayejisifu kwa siti nane hakwambii kwamba watu wanane hawana pa kuweka mabegi. Wakakunja siti moja ya nyuma, wakaacha nyingine. Watu sita wakapata siti zao, kila mmoja na mkanda wa begani, na tenga la machungwa likapata pake. Sawasawa. Baba alikwisha kumuuliza jirani mwenye Noah petroli kiasi gani inampeleka Muheza na kumrudisha, kwa hiyo hilo alilijua kabla ya kufika yadi. Fundi waliyekwenda naye akalala chini ya gari, akatazama breki, akatazama uvujaji. Wakanunua.

Na Kobe? Msihuzunike. Kobe aliuzwa angali anatembea, na hilo ni jambo la heshima kwa gari. Alinunuliwa na fundi kijana wa Korogwe, mtu anayezijua injini zinazopozwa kwa hewa. Baba alimwambia ubovu wote, hata kutu iliyoanza chini ya betri. Akampa na boksi la spea bila kumtoza. Kadi ya gari ikahamishiwa jina la mnunuzi kwenye Mamlaka ya Mapato, TRA, maana gari lililouzwa likiendelea kubeba jina lako, na makosa yake utabebeshwa wewe.

Kabla ya kuondoka, Kobe alimwuliza mmiliki wake mpya, "Nani atakaa wapi?"

"Mimi kwenye usukani," akasema kijana. "Mke wangu pembeni."

"Wawili!" akasema Kobe, akaunguruma mpaka kuku wakatawanyika.

Jumamosi ya kwanza na Noah, mtoto mdogo alifungwa kwenye kiti chake, anatazama nyuma.

"Kwa nini anatazama nyuma, Mjomba? Haoni njia!"

Hana haja ya kuona njia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa mwili wake, na shingo yake bado laini. Akitazama nyuma, gari likisimama ghafla mgongo wote unaegemea kiti, shingo haivutwi. Ninyi wakubwa kidogo mnakaa juu ya kiti cha kuwainua, mpaka siku mkanda utakapopita begani badala ya kuwakata shingoni. Wa kati alilalamika njia nzima kwamba Noah hana shimo. Ni haki yake kulalamika. Alilalamika akiwa amefunga mkanda.

Sasa nina kazi kwenu, wanangu. Kama nyumbani kuna gari, nendeni mkahesabu watu wanaopanda. Kisha mhesabu mikanda inayofunga kweli, mkivuta mmoja mmoja. Idadi ya mikanda ikiwa pungufu kuliko ya watu, mwambieni baba au mama leo hii, kabla ya Jumamosi.