Tundu kwenye lema lamwongezea mvuvi kipato

Mvuvi akiacha tundu kwenye mtego wake, huonekana anatupa mali. Lakini jaribio la watafiti na wavuvi wa malema, ile mitego ya kusukwa, katika pwani ya Kenya lilionyesha vingine.

Malema yaliachiwa upenyo mwembamba ili samaki wachanga na wasio na bei watoke, kisha mavuno yakalinganishwa na ya malema ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa samaki wasiotakiwa walipungua, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi na kipato kilipanda.

Mtaalamu alikuja na vipimo, mvuvi na ujuzi wa bahari. Mkulima hali mbegu. Mvuvi naye asimalize samaki wachanga.