Kizimba cha Kinyonga

Wasikilizaji wetu, wako watu waliomfuga kinyonga wakamwekea bakuli la maji safi, naye akafa kwa kiu kando yake. Sababu ni hii: kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani. Basi kizimba chake hakina budi kuwa kama mti mdogo uliozungushiwa waya.

Kwanza ombeni ruhusa kwa maofisa wa wanyamapori. Kisha undeni kiunzi cha miti, upana futi 2, kimo futi 4, kwani mnyama huyu hupenda kukaa juu. Kiwambeni wavu wa waya wenye matundu madogo, wala msitumie kioo, maana hewa isiyopita humletea maradhi. Kiwekeni penye jua upande mmoja na kivuli upande wa pili.

Ndani wekeni mche wa mpera katika debe, mkatize vijiti vyembamba avishike kwa vidole. Asubuhi na jioni nyunyizeni majani mpaka yadondoshe matone. Chakula chake ni panzi na nzi walio hai.

Yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya huzaa watoto. Lakini jike la kinyonga wa kawaida hutaga mayai 20 na zaidi, akayafukia. Akikosa pa kuchimba, mayai humkwama tumboni, akafa. Mwekeeni udongo wenye unyevu, kina cha futi 1.

Wawili msiwaweke pamoja, watapigana. Ama ile sumu anayosingiziwa, hana.